Mwanangu, huyo mpishi wako kaenda wapi?

Mwanangu,

Zile sura kumi na mbili za kitabu chako nimezisoma zote kwa usiku mmoja, chai imepoa mbele yangu. Waniuliza muuaji umtaje katikati ya kitabu ama umfiche mpaka ukurasa wa mwisho. Ntakujibu, lakini kwanza niambie, yule mpishi wa hoteli aliyeshikwa bure sura ya tatu kaenda wapi? Wamemtoa selo, basi, hatumuoni tena.

Wanijua, mimi mtu wa Bwana Msa tangu usichana, yule mpelelezi wa hadithi za Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na siku zote nakwambia neno moja: uzi uonekane. Msomaji auone kwa macho yake mwenyewe, aupite. Agatha Christie mwaka 1926 alitoa kitabu msimulizi wake, daktari, ndiye muuaji, wako waliokasirika wakasema wamechezewa. Lakini rudi nyuma usome, yule daktari anakutajia saa barua ilipoletwa na saa aliyotoka chumbani, katikati pana dakika kumi na hasemi alifanya nini. Zipo pale pale, wewe msomaji umezipita.

Najua utasema mama na uzi wake. Mkasa wa mkufu wa nyanyako unaujua, lakini umeusikia kwa shangazio, na shangazio huusimulia watu wakacheka. Mimi sijawahi kuucheka.

Ilikuwa wiki ya arusi ya shangazio, 1988, nyumba ya Kibokoni imejaa wageni mpaka barazani watu wamelala. Mimi nakuna nazi jikoni, nyanyako akaniita, nipe sindano na uzi, nikampa mweusi manake mweupe ulikuwa umeishia kwenye nguo za bi arusi. Sikuuliza wa nini. Kesho yake mkufu haupo, nyanyako analia, na wallahi alikuwa halii uongo, usiku wa tatu ule hajalala, alishasahau kabisa alichofanya. Macho yote yakamwendea yule binti wa Kwale aliyekuwa akitusaidia kazi.

Aliyetumwa kupekua mfuko wake ni mimi. Nikatoa kimoja kimoja nikapanga kwenye mkeka, leso mbili, chanuo, kipande cha sabuni kimefungwa gazeti, picha ya mamake imekunjika pembe. Yeye kasimama mlangoni ananitazama, hasemi kitu. Mkufu hamna. Na bado wakamfukuza, ati ashautoa nje, jioni ile ile akavuka feri Likoni na mshahara wa mwezi hakupewa.

Sasa sikiliza. Miezi mitatu mimi ndiye niliyekuwa nikitandika kitanda cha nyanyako, kila asubuhi naupigapiga ule mto wa sufi, mshono wake wote mweupe, halafu pembeni hapa, urefu wa kidole tu, mweusi. Nauona. Kila asubuhi nauona! Mpaka siku tulipofumua mto tuanike sufi, mkufu ukaanguka sakafuni, ndipo nikakumbuka ile sindano.

Babako alikwenda Kwale mara mbili kumtafuta, asimpate. Mimi hujiambia nilikuwa mke mgeni nyumba ile, mama mkwe anasema pekua, ningekataa vipi? Halafu najijibu, haya, kupekua ulitumwa, je kusema uzi nilitoa mimi, nani alikukataza? Hakuna aliyenikataza. Sikufikiria tu, na mtu asiyefikiria bado mwenziwe kavuka feri.

Kwa hivyo muuaji mtaje unapotaka, kweli nakwambia. Ukimtaja mapema msomaji atakaa roho juu atashikwa lini, ukimchelewesha atahangaika kumtafuta, zote njia na zote zimeshatembewa. Lakini mpishi umpe ukurasa mmoja, nataka nimuone anavyofika kwake, majirani wamuamkia ama wanaingia ndani. Sikwambii uandike nini, kitabu chako. Ila kazini asirudi kama kwamba hakukutokea kitu, hilo haliwi, nimeshasema.

Na kama kitabu ni kizuri usiniulize, sisemi mpaka ukimalize, si vizuri mtu kusifiwa jahazi liko baharini bado. Ingawa pale afisa anaposubiri maji yapwe ndio aone nyayo, nimepasoma mara mbili. Sura ya tano ni ndefu, risasi nyingi, mimi nilisinzia.

Muuaji nishamjua lakini. Sura ya pili, anapoosha kikombe ambacho hakunywea yeye. Hapo usipaguse.

Mamako