Inategemea umemjia upande gani

Swali lenu la wiki: mtu usiyemjua akikusogelea kupita kiasi, mwanamume na mwanamke huudhika sawasawa? Mimi navuka Likoni kwa feri, hapa Mombasa, kila siku ya kazi. Wote huudhika, ila kila mmoja ana upande wake anaoulinda.

Mwaka 1975 Wamarekani wawili, Jeffrey Fisher na Donn Byrne, walichapisha utafiti wa maktaba ya chuo kikuu. Mtu alitumwa akaketi karibu mno na msomaji aliyekuwa peke yake mezani. Wanaume walichukizwa zaidi na aliyeketi mkabala nao, wanawake na aliyeketi ubavuni. Hata vitabu, wanaume walivipanga mbele yao, wanawake kando.

Panda feri jioni utazame. Mwanamke hafungui mdomo: mkoba unashuka begani hadi kwenye nyonga, kiwiko kinatokeza, buibui linakusanywa. Mwanamume akisimamiwa usoni na mwenzake hukaza macho, na punde utasikia, "Vipi bwana, wanidai?"

Lakini yule wa maktabani alikuwa na meza nzima, akachagua kubanana. Feri ikijaa hakuna wa kulaumiwa. Kinachotukera ni pale matatu ya kwenda Ukunda inapofika Waa, njiani, abiria wengi wameshateremka, kiti cha nyuma mmebaki wawili, na goti la yule bwana liko palepale. Wengi wetu hunyamaza, na wanaume hudhani tumeridhia. Kumbe tunapima: kondakta atatutetea au atacheka? Nikisema, nitajibiwa "basi nunua gari lako"?

Wala msiseme wanawake ndio wapenda umbali. Harusini tunakaa mkekani paja kwa paja, wala hapana anayelalamika. Na wanaume wa hapa Pwani, marafiki, hutembea wameshikana mikono tangu zamani. (Wageni wakiona hushangaa. Shauri yao.) Kwa hiyo sentimita peke yake hazinielezi kitu mpaka nijue ni za nani, na kama kulikuwa na nafasi ya kusogea.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ya bibi mmoja mtu mzima, aliyemgeukia kijana aliyembana: "Mwanangu, gari limepungua, nawe pungua." Gari zima likacheka. Kijana akahamia kiti cha mbele.

Msomaji, Mombasa