Kocha asome hesabu yote, si tatu peke yake

Ndugu Mhariri,

Wiki hii, kwenye mpira wa kikapu, mmetuuliza: "Kocha wa timu ya chuo akionyeshwa na takwimu kwamba mitupo ya katikati haina faida, awakataze wachezaji wake kuirusha?" Mitupo ya katikati ni ile ya pointi mbili inayorushwa mbali na ringi lakini ndani ya mstari wa pointi tatu. Ndiyo, awakataze walio wengi. Ila akiishia hapo atakuwa amesoma nusu ya hesabu, na nusu aliyoiacha ndiyo itakayomrudisha nyumbani mwezi Machi, kwenye mashindano ya mtoano ya vyuo vya Marekani, yale ya NCAA.

Hesabu yenyewe nimeifanya kwa kalamu. Nilifundisha mpira wa kikapu katika shule moja ya sekondari, uwanja wa saruji, ringi moja imeinama kidogo. Nilichora nusu uwanja kwenye daftari la mraba, na kila mtupo nikauandika pale ulipotokea: ukiingia naweka vema, usipoingia naweka kosa. Tulikuwa na kijana ambaye shule nzima ilimwita mfungaji. Akipokea mpira anadunda mara mbili, anasimama hatua moja ndani ya mstari wa pointi tatu, anaruka, anaachia. Ulikuwa mtupo mzuri wa kutazama. Baada ya wiki tatu, pale alipopapenda palikuwa pamejaa makosa. Alikuwa anafunga kama minne katika kumi. Minne mara mbili, pointi nane. Mwenzake wa kwenye kona, ambaye hakuna aliyemshangilia, alikuwa anafunga mitatu katika kumi kutoka nje ya mstari. Mitatu mara tatu, tisa. Nilimpa yule mfungaji daftari. Alilitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, nirudi nyuma hatua moja tu?"

Hatua moja tu.

Vyuo vya Marekani vilianza kuipiga hesabu hiyo kwa pamoja msimu wa 1986-87, mstari wa pointi tatu ulipowekwa kwa timu zote za wanaume, mita 6.02 kutoka kwenye kikapu. Ukasogezwa hadi mita 6.32 mwaka 2008, na hadi 6.75 mwaka 2019, na bado makocha hawakuuacha. Lakini wazo lililo chini ya yote hayo ni la zamani kuliko mstari. Dean Smith, kocha wa chuo cha North Carolina, alikuwa akiipima timu yake kwa pointi inazopata kila inaposhika mpira, badala ya kutazama jumla ya pointi za mechi. Baadaye mtakwimu Dean Oliver akaligawa jambo hilo mafungu manne: ubora wa mitupo, ambapo tatu inapewa uzito wake, mipira inayopotezwa, ribaundi za kwenye shambulizi, yaani kuudaka tena mpira wenu uliokataa kuingia, na mara ngapi timu inakwenda kwenye mstari wa mitupo huru. Ni mafungu manne, na watu wengi wanaojiita wafuasi wa takwimu wamelishika la kwanza tu.

Usiku wa kuamkia 28 Machi 2025 niliamka saa nane kuitazama timu ya chuo cha Alabama ikicheza na ya chuo cha BYU huko Newark, Marekani. Kocha wake, Nate Oats, aliwahi kuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na ukiitazama timu yake utaamini: wachezaji wake wanarusha kutoka chini ya ringi au kutoka nje ya mstari, pale katikati wanapita tu. Usiku ule walifunga tatu 25 kati ya mitupo 51, rekodi ya mashindano ya NCAA. Rekodi ya awali, 21, ilikuwa ya Loyola Marymount tangu 1990. Mark Sears wa Alabama peke yake alifunga 10. Wakashinda 113 kwa 88.

Siku mbili baadaye, ukumbi uleule, ringi zilezile, walikutana na chuo cha Duke. Tatu 8 kati ya 32. Wakafungwa 85 kwa 65, wakaaga.

Asubuhi yake rafiki zangu walinitumia ujumbe kwamba takwimu zimeumbuka. Nawaambia hapana, na nawaomba wasomaji waitazame mitupo yenyewe. Dhidi ya BYU, Sears alikuwa akiingia ndani, walinzi wawili wanamfuata, mpira unatoka kwa mtu aliyesimama peke yake, miguu imeshatulia, mikono iko tayari. Duke walikuwa warefu kila nafasi, na chini ya ringi alikuwepo Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Ukiwa na mtu kama huyo nyuma yako huna haja ya kumwacha mpigaji wa kona ili ukasaidie ndani. Kwa hiyo mpira ulipotoka nje, ulimkuta mpigaji akiwa na mkono usoni. Karatasi ya mechi inaiita mitupo yote hiyo "tatu", lakini si mtupo mmoja. Sisi Watanzania tulishalijua hili tangu enzi za Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet pale chuo cha Connecticut, kati ya 2006 na 2009: bloku zake, yaani mitupo aliyoizuia hewani, ziliandikwa, ila waliofika mbele yake wakageuka na mpira wao hawakuandikwa popote.

Kinachoutofautisha mchezo wa vyuo na NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ni kwamba Machi hakuna marudio. NBA timu ikiwa na usiku mbaya, mfululizo wa mechi saba unaipa nafasi ya kurekebisha. Chuoni usiku mmoja mbaya unatosha, na tatu, hata ziwe nzuri kiasi gani, lazima siku moja zitakataa kuingia. Swali ninalotaka kumuuliza kila kocha ni hili: siku hiyo utakula wapi?

Chuo cha Villanova walilijibu mwaka 2018. Kwenye mechi ya kugombea kuingia nusu fainali, dhidi ya Texas Tech, walifunga tatu 4 tu kati ya 24. Timu inayoishi kwa tatu ingekufa hapo. Wao waligombania kila mpira uliorudi kwenye ringi, wakachukua faulo, wakafunga mitupo huru 29, wakashinda 71 kwa 59. Mechi iliyofuata wakaifunga Kansas tatu 18, na siku mbili baadaye wakachukua ubingwa. Watu wanazikumbuka zile 18. Mimi naikumbuka zaidi ile 4 kati ya 24, kwa sababu bila kuivuka wasingefika kwa Kansas.

Mitupo ya katikati basi? Mwachie mchezaji mmoja au wawili walioithibitisha mazoezini, na wairushe sekunde 30 za kila shambulizi zinapokaribia kuisha na hakuna kingine. Zaidi ya hapo ni kupoteza mpira kwa njia ya kupendeza.

Na fungu la mipira inayopotezwa, ambalo hakuna anayelitungia wimbo, lilikuja kuamua fainali ya mwaka uleule wa 2025, San Antonio. Houston walikuwa wamewahi kuwa mbele kwa pointi 12 kipindi cha pili. Zimebaki sekunde chache, Florida 65, Houston 63, mpira wa Houston. Emanuel Sharp anaupokea nje ya mstari, anaruka kurusha. Walter Clayton anamrukia. Sharp, akiwa bado hewani, anaona mkono, anauachia mpira udunde chini. Akiugusa yeye wa kwanza ni kosa la kutembea, kwa hiyo amesimama juu yake, anautazama ukidunda, hadi mchezaji wa Florida anapojitupa sakafuni na muda unakwisha. Nilikuwa na daftari mapajani. Hapakuwa na vema wala kosa la kuandika.