Mwanangu, igeuze kwanza uone mgongo wake

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana baada ya isha, na zile picha mbili ulizotuma nimezikuza kwenye simu mpaka macho yakaniwasha. Unasema galeri ya huko Jacksonville, Florida, ina michoro miwili imekushika moyo, mmoja ni wa kanvasi, mto na mitende jua linazama, wanadhani ni wa mchoraji fulani wa karne ya 19, dola 6,500, na wa pili ni wa bodi, mti mwekundu kando ya maji, wa mmoja wa wale Highwaymen, wachoraji weusi wa Florida, dola 3,800, na hela uliyokusanya inatosha mmoja tu, sasa mama nichukue upi. Nilianza kukujibu kwa voisi nikaifuta, mana hili jambo ni refu na mi ni kitu nakipenda, nimeona bora nikuandikie.

Chukua huo wa mti mwekundu. Ila usilipe bado, nisome mpaka mwisho.

Najua kwa nini ile kanvasi imekuvuta, hata mimi imenivuta. Wale wachoraji wa Marekani wa zamani walikuwa hatari. Frederic Church alisafiri Amerika ya Kusini mara mbili, akarudi New York akachora milima ya Andes kwenye kanvasi ya karibu mita 3 kwa upana, mwaka 1859, watu wakapanga foleni wakalipa senti 25 kila mmoja kuiangalia tu, na ikauzwa dola 10,000, kwa wakati ule hakuna mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa hai aliyewahi kupata bei hiyo. Ipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Metropolitan. Na kuna Martin Johnson Heade, huyu ndo kipenzi changu, alienda Brazil mwaka 1863 kuchora vile vindege vidogo vinavyovuma mbele ya maua, afu uzeeni, mwaka 1883, akahamia St. Augustine, hapo hapo chini yako, hata saa moja kwa gari haifiki, akawa anachora maua ya magnolia yamelazwa juu ya kitambaa cha mahameli mpaka alipofariki 1904. Watu wakamsahau kabisa, miaka mingi. Picha yake moja ya magnolia ilikuwa kwenye nyumba ya mtu Indiana imetundikwa kuziba tundu la ukutani, na mwaka 1999 makumbusho ya Houston yakainunua dola milioni 1.25.

Sasa stori kama hiyo ndo inayowaumiza watu. Kila mtu anadhani na yeye ataokota ya Heade. Mwanangu, kazi ya uhakika ya watu wale haikai galeri inasubiri dola 6,500, na ikiwepo ya bei hiyo basi ni kitu kidogo sana au imeharibika ikarekebishwa sana. Neno "inadhaniwa" kwenye kile kikaratasi chao linamaanisha hakuna anayekubali kuweka sahihi yake hapo. Ukinunua unalipia dhana ya mtu mwingine.

Hiyo ya bodi ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo mana hii naijua kwa mikono yangu. Unakumbuka lile duka la fremu Vero Beach nililofanya kazi miaka 14, we ulikuwa unalala juu ya makadibodi nyuma ya mashine ya kukatia? Picha za hao Highwaymen zilikuwa zinakuja pale kila wiki, mtu kaitoa kwa bibi yake, mtu kaikuta gereji. Wale vijana walikuwa weusi wa Fort Pierce na jirani zake, wameanza miaka ya 50 katikati, kipindi kile cha ubaguzi, kazi yao ilikuwa kuchuma machungwa mashambani, na galeri zilikuwa hazimfungulii mlango mtu mweusi. Kulikuwa na mzungu mmoja mchoraji, A.E. Backus, nyumba yake ilikuwa wazi kwa kila mtu, akamfundisha kijana Alfred Hair, na kijana mwingine, Harold Newton, Backus alimshauri aache kuchora mambo ya dini achore mandhari. Hawakuwa na hela ya kanvasi basi wakachukua bodi za kujengea, zile za karatasi ngumu za kuwekea dari na ukuta, fremu wakakata kutoka kwenye mbao za urembo wa pembeni mwa dari wakazipaka rangi ya dhahabu, picha ikiwa bado mbichi inaingia kwenye buti la gari, wanashuka nayo barabara kuu ya pwani wanagonga milango ya madaktari, mabenki, moteli, dola 25 au 30 moja. Hair alikuwa anazitandika bodi nyingi ukutani anachora mbingu zote kwanza, kisha maji yote, kisha miti. Alipigwa risasi kwenye baa mwaka 1970 akiwa na miaka 29 tu.

Nikikumbuka hapo huwa namfikiria mchoraji wetu Tingatinga, naye alichora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli, naye aliuzia nje pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar, na yeye akafa kwa risasi, ya polisi, mwaka 1972. Watu wawili hawajuani, bahari nzima katikati, miaka miwili tu imepishana.

Hilo jina la Highwaymen hawakujiita wenyewe, walipewa miaka ya 90 ndo bei ikaanza kupanda, na mwaka 2004 wachoraji 26 wakaingizwa kwenye orodha ya heshima ya wasanii wa Florida, mwanamke akiwa mmoja tu, Mary Ann Carroll, aliyekuwa na watoto saba wa kulea. Kuna wanaokadiria idadi ya picha zao zote inafika laki mbili, kwa hiyo usikubali mtu akuambie hiyo yako ni adimu. Zipo nyingi. Za miaka ya 50 na 60 za Newton na Hair ndo zinatafutwa zaidi, na baadhi yao waliendelea kuchora mpaka uzeeni, kwa hiyo uliza imechorwa lini, si nani tu.

Sasa ukienda, omba waishushe ukutani waigeuze. Mgongo ndo unaosema. Bodi ya miaka 60 inakuwa imebadilika rangi, kingo zimevimba kidogo kwa unyevu wa Florida, na kama ni hadibodi utaona zile alama za wavu. Fremu ikiwa ni ya zamani ile ya mbao za dari usiibadilishe hata kama imechubuka, inaongeza thamani. Afu waambie wazime taa wamulike kwa ile taa ya zambarau wanayopimia noti bandia, rangi iliyoongezwa juzi mara nyingi itaonekana giza kama doa. Angalia sahihi kuliko kitu chochote. Mi nilishawahi kuumia hapo, duka moja silitaji lilinikopesha "Newton" nikalipa miezi kumi kwa mshahara wa fremu, nilipopeleka kwa fundi wa kurekebisha michoro akaimulika, sahihi ilikuwa imekaa juu ya vanishi. Picha ilikuwa ya zamani kweli, ila jina lilibandikwa baadaye. Nililia kwenye gari, sijawahi kukuambia.

Kwa hiyo dai kwenye karatasi: nani alikuwa nayo kabla, imerekebishwa wapi, na kwamba ikigundulika si yake wanarudisha hela yote. Galeri nzuri haikasiriki ukiuliza, ikikasirika ondoka. Waulize pia kama unaweza kulipa kwa mafungu bila riba, wengi wanakubali, kadi ya mkopo usiiguse. Na ujue ukitaka kuiuza mwakani hupati 3,800, galeri ina faida yake na mnada una makato yake, kwa hiyo nunua kama utakaa nayo. Usiitundike karibu na bafu wala mbele ya kiyoyozi, bodi ile ni karatasi.

Na huo mti mwekundu uliokupendeza, wao wanauita royal poinciana, ni huu huu mkrismasi, asili yake Madagaska. Upo hapa nje kwangu Raskazone, Tanga, mwezi wa kumi na mbili unawaka mpaka barabara inakuwa nyekundu chini. Nilijua tu utauchagua.

Jumamosi ukifika galeri nipigie video, asubuhi yako ndo jioni yangu, uielekeze simu mgongoni kwanza.

Mama yako