Mjomba, mbona nzi wangu hashiki kolekole?

SWALI: Asalaam aleikum mjomba, na shikamoo. Niko Mayungu hapa Malindi. Kakangu alikua Nairobi kwa watu wanaofunga nzi bandia, yaani ndoana zilizovalishwa manyoya zifanane na mdudu, za kuvulia trauti, yule samaki wa mito baridi, wale wa kuuzwa ng'ambo, kazi ikaisha akarudi nyumbani na kiboksi kimejaa hao nzi. Nimewajaribu pale mwambani na rodi yangu ya kawaida, natupa haendi popote aniangukia miguuni, mmoja alipata samaki ndoana ikanyooka, na waliobaki washaota kutu. Sasa nataka nifunge wangu wa kolekole na mzia. Nichukue huyu wa trauti nimkuze tu? Na vifaa nitoe wapi, huku hakuna duka la vitu hivo.

JIBU: Waaleikum salaam mpwangu, marahaba. Usimkuze! Trauti kule mto Gura na Sagana kazi yake ni kula wadudu, wale wanaoelea juu na vitoto vyao vilivojificha chini ya mawe, ndio mana nzi wake anafungwa kwa ndoana ya waya mwembamba ili asizame na manyoya ya shingo ya jogoo yanazungushwa yasimame yambebe juu ya maji. Kolekole na mdudu wa mtoni wapi na wapi? Yeye afukuza samaki wadogo, simu na dagaa. Ukimkuza yule nzi utapata mdudu mkubwa, na wewe wataka samaki mdogo, kwa hivo anza na simu mwenyewe, mshike mkononi umtazame: mwembamba, tumbo jeupe, mgongo wa kijani, ubavu wang'aa, jicho kubwa. Hayo ndio ya kuiga, mengine wachana nayo.

Kabla ya kufunga chochote tumalize hio habari ya kutupa, manake hapo ndipo wengi wanakata tamaa bure. Nzi hana uzito. Kwenye rodi yake maalum kinachorushwa ni ule mshipi mnene, mshipi ndio mzito na nzi anafuata tu nyuma. Rodi yako wewe inarusha chubwi, na hukutia chubwi, sa kitaenda nini? Funga chubwi dogo mbele ya nzi, umbali wa kama mkono mmoja, utaona anakwenda. Ama umkokote nyuma ya ngalawa, wavuvi wetu washazoea kukokota nyuzi za gunia zilizochambuliwa kutafuta nguru na hakuna anayewaambia ni utaalamu wa kizungu.

Sasa kufunga. Mimi ningekwambia anza na Clouser Minnow, alieibuni ni Mmarekani Bob Clouser miaka ya 1980 kwa ajili ya samaki wa mtoni tena si trauti, lakini leo anavuliwa baharini kila pembe. Siri yake ni macho mazito yanayofungwa juu ya mti wa ndoana, ile sehemu iliyonyooka, nyuma kidogo ya tundu la kupitisha mshipi. Uzito ukikaa hapo ndoana yapinduka majini, ncha yatazama juu, kwa hivo haikwami ovyo kwenye matumbawe, na hapo Mayungu wajua vile mwamba unavokula ndoana. Kila ukiacha kuvuta anainamisha kichwa anazama, ukivuta anapanda, na samaki wengi wanamuuma pale anapozama.

Macho ya risasi huna, sawa, chukua ule mkufu wa shanga za chuma wa kuzibia sinki, kata shanga mbili zilizoungana, zifunge kwa kuvusha uzi mshazari huku na huku kisha tone la supa gluu. Ni mepesi kuliko risasi ila kwa maji ya ndani ya mwamba yatosha.

Nywele ni mbuzi. Mkia au ndevu za beberu mweupe, siku ya Idi ya kuchinja zinatupwa bure. Osha na sabuni, anika kivulini, alafu chana utoe yale manyoya laini ya ndani yote, hayo yanashika maji na kujikunja. Zinateleza, kwa hivo gundi kidogo shinani kabla hujazungusha uzi. Nyeupe zifunge upande wa macho, geuza ndoana, tia nyuzi chache za kung'aa za mapambo ya harusi, kisha zile ulizotia rangi ya kijani juu yake, akipinduka majini kijani ndio mgongo. Na weka CHACHE. Hapa ndipo kila anayeanza anaharibu, anatia kifungu kizima nzi anakua ufagio, maji hayapiti katikati wala hazichezi. Ukiona ni chache mno pengine ndio kiasi.

Uzi usiwe wa pamba, unaoza, tafuta wa nailoni ama polista kwa fundi cherehani. Kichwani pakaa rangi ya kucha isiyoonesha, mara mbili. Ndoana iwe ya chuma kisichoshika kutu, 1/0 au 2/0, na ujue namba zinakwenda kinyume, 14 ya trauti ni ndogo kuliko 8, ukishafika 1 ndio zinageuka zinapanda 1/0, 2/0. Kwa mzia ongeza kipande kifupi cha waya mbele la sivo atakata kila kitu. Vuta kwa mishtuko ya haraka, usimwache aelee na maji kama wa trauti. Ukirudi suuza kwa maji matamu.

Mto Sabaki ukishuka na tope maji yakawa kahawia, kijani na nyeupe havifai, funga mweusi mtupu, mnene kidogo, samaki aone kivuli. Na usivue ndani ya paki ya baharini ya Malindi, ile imefungwa tangu 1968, hata kwa nzi mmoja.

SWALI: Kaka, mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mwanangu yuko kazini Nyeri na wenzake huenda kuvua trauti. Nina kuku tele, manyoya yao yamfaa?

JIBU: Yamfaa sana dada. Ya shingoni mwa jogoo, marefu membamba magumu, ndio ya nzi anayeelea, na ya tetea ni laini, ni ya nzi wa kuzama. Rangi ya kahawia na kijivu ndio chaguo la kwanza, na mwambie atumie ndoana namba 12 na 14. Trauti si samaki wa asili huko, aliletwa mwaka 1905 kutoka Uingereza, na kumvua kwataka leseni, aulize ofisi ya uvuvi kabla hajaloweka mshipi. Yatume kwenye bahasha kavu na vipande vya kafuri, nondo wanapenda manyoya kuliko trauti.