Je, Protini Zangu Zimekwama Kweli Kwenye Utando?

Swali: Shikamoo daktari. Nasomea uzamili hapa Chiromo. Nafanya FRAP, yaani kipimo cha jinsi protini zilizotiwa rangi inayong'aa zinavyosogea, kwenye seli hai za mamalia: naunguza kwa leza doa la mviringo lenye nusu kipenyo cha mikromita 1 kwenye utando wa seli ili rangi ya hapo izimike, kisha napiga picha kwa sekunde 20 nione mng'ao ukirudi protini za jirani zinapoingia. Mng'ao hurudi hadi asilimia 60 tu. Naweza kuandika kwamba asilimia 40 ya protini zimekwama?

Jibu: Marahaba. Usiandike hivyo bado.

Anza na muda, maana hapo ndipo ninapoona shaka kubwa. Kwa doa la mviringo, kigawe cha usambaaji, yaani kipimo cha kasi ya molekuli kusambaa, ni 0.224 mara mraba wa nusu kipenyo, gawanya kwa muda wa mng'ao kurudi nusu. Lipidi za utando zinazokwenda takriban mikromita mraba 1 kwa sekunde hurudi nusu kabla hata sekunde moja haijaisha. Protini yenye kigawe cha mikromita mraba 0.01 kwa sekunde, na ziko nyingi za aina hiyo, huhitaji sekunde 22 kufika nusu tu. Wewe umeshazima kamera! Fuatilia dakika kadhaa, mpaka mstari wa grafu ya mng'ao ulale kabisa.

Kila picha nayo hufifisha rangi, kwa hiyo pima pia seli ya jirani ambayo hukuiunguza, urekebishe hesabu kwayo. Na kama seli ni ndogo, leza imekula sehemu kubwa ya akiba yote ya protini zinazong'aa. Hata protini zikiwa huru zote, mia kwa mia haifiki.

Halafu joto. Maabara zetu za Nairobi mwezi wa Julai ni baridi mno kwa seli hizo. Mwaka 1970 watafiti Frye na Edidin waliunganisha seli za panya na za binadamu: kwenye nyuzi 37 protini za pande zote mbili zilichanganyika ndani ya dakika 40, lakini chini ya nyuzi 15 mchanganyiko ulipungua sana. Pasha jukwaa la hadubini hadi 37 na uliache litulie kabla ya kupima.

Ukishayarekebisha hayo, unguza doa lilelile mara ya pili. Zilizokwama zilishazimwa na leza ya kwanza, hivyo safari hii mng'ao unapaswa kurudi karibu wote hadi kiwango cha kabla ya leza ya pili. Ukirudi hivyo, andika kwamba zimekwama. Ukipungua tena kwa kiasi kilekile, tatizo liko kwenye kipimo, na protini zako hazina hatia.