Kadutu kwa miguu: kocha anaongea juu ya mpando, bugali na kitambi

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Bukavu ni hili: "Kocha, nipe zoezi la kuondoa tumbo." Mara nyingi anayeuliza yuko juu ya moto (pikipiki ya abiria), amelipa nauli ya kupanda Kadutu, mtaa wetu wa mlimani, njia ambayo bibi yake aliipanda kwa miguu na mzigo mgongoni. Zoezi la kuondoa tumbo peke yake halipo. Unaweza kulala chini ukajikunja mara mia kila asubuhi. Misuli itakomaa, lakini mafuta yaliyoifunika yatabaki palepale. Mwili ukihitaji nguvu huchota akiba yake sehemu zote, nawe huwezi kuuchagulia uanzie tumboni.

Kwanza jipime, na usinunue mizani. Chukua kamba, jipime kuanzia kisigino hadi utosini, kisha uikunje mara mbili. Hiyo nusu izungushe kiunoni, usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi na hujavuta tumbo ndani. Usidanganye, uko peke yako chumbani. Ncha zikikutana, vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na kuanzia hapo hatari ya ugonjwa wa sukari na ya moyo inapanda. Mama mjamzito asijipime hivyo.

Najua mji wetu bado unaheshimu kitambi. Ukipungua kilo chache, jirani anauliza kama unaumwa na shangazi anauliza kama mke anakupikia. Waache waulize.

Tuanze na mlima, maana ndio mali tuliyo nayo na hauna ada ya mwezi. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo bado uko chini karibu na ziwa Kivu. Ndugu akitoka Uvira, ambako maji ya Tanganyika yako kwenye mita 770 na mji umelala kando yake, siku za kwanza anahema kwenye ngazi za Kadutu mpaka watoto wanamcheka. Sehemu ni hewa; sehemu kubwa zaidi ni kwamba hajazoea mpando. Sisi tumezaliwa nao, lakini faida yake inamwendea dereva wa moto.

Kwa mtu mwenye kilo nyingi, kupanda kwa miguu ni bora kuliko kukimbia kwenye lami. Moyo unafanya kazi kweli, lakini mguu haupigi chini kwa kishindo, kwa hiyo goti linapona. Weka unyayo wote kwenye ngazi, usipande kwa vidole tu, vinginevyo utamaliza nguvu za misuli ya nyuma ya mguu kabla hujafika nusu. Sukuma kwa kisigino. Inama kidogo kuanzia nyonga, mgongo ukiwa umenyooka. Hatua ziwe fupi, nazo zifanane toka chini hadi juu. Wanaoanza kwa kasi ndio unaowakuta wameshika ukuta.

Kipimo changu ni mdomo. Ukiweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba, mwendo ni wa kati, na huo ndio wa kuanza nao. Ukimjibu neno mojamoja, punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo huo kwa juma. Gawanya hizo 150: nusu saa, siku tano. Mwalimu anayelala Kadutu na kufundisha Ibanda anazimaliza kwa kwenda na kurudi kazini. Kama huwezi njia yote, basi shuka kwenye moto pale mpando unapoanza. Wengi hufanya kinyume: wanatembea tambarare, wakiona mpando wanapunga mkono.

Kushuka ndiko kunakoumiza watu. Unaposhuka, misuli ya mapaja inavutwa huku imekaza, inafanya kazi ya breki, na ndiyo sababu maumivu hayaji siku ile, yanakuja kesho na kesho kutwa. Kuna vijana wanaopanda kwa kutembea na kushuka kwa mbio. Wakifika miaka thelathini na kitu wanakuja kwangu wameshika goti. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, na pakiwa wima kata njia kushoto na kulia. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua ikishafanya udongo wetu mwekundu kuteleza, mimi nashukia barabara ya lami hata kama inazunguka. Na usitoke gizani. Hali ya usalama mjini tunaijua sote. Mwanga ukishafika zoezi lina faida ileile.

Wale wa kukimbia kwa nyimbo asubuhi ya Jumapili nawapenda sana, kwa sababu aliye peke yake huacha upesi na aliye na kundi huona haya kuacha. Lakini haya hiyohiyo ndiyo inayomuua mtu wa ofisini, anayejiunga siku ya kwanza na kung'ang'ana mpaka mwisho asionekane ameachwa. Mwezi wa kwanza tembea nyuma yao. Na salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, nayo uihesabu: saa moja ya kuzibua mtaro kwa jembe ni mazoezi halali, ilimradi wewe ndiye uliyeshika jembe.

Kuna watu ambao siwapi mazoezi hata wakiomba. Mama anayepandisha gunia la muhogo au la makala (mkaa) hadi soko la Kadutu, kamba ikiwa kwenye paji la uso, amemaliza spoti ya juma lote kabla ya saa nne asubuhi. Anachokosa ni chakula cha kutosha na usingizi. Aliwahi kunijia mmoja akilalamika tumbo limetokeza wakati mwili wote umekonda. Alikuwa amezaa mapacha. Nilimlaza chali, nikamwambia anyanyue kichwa kidogo, na yeye mwenyewe aguse katikati, juu ya kitovu. Vidole vitatu viliingia. Misuli ya tumbo ilikuwa imeachana, na kujikunja ndicho kitu ambacho kingemzidishia. Huyo nilimwelekeza kwa fizioterapia, nikamwambia apunguze gunia kama anaweza. Alinitazama tu. Nani atamlipia hiyo nusu ya gunia?

Misuli nayo inataka siku mbili kwa juma, na sale ya vyuma, yaani ukumbi wa mazoezi, si lazima. Bidoni la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 20 ni kilo 20, na kila nyumba hapa inayo. Kaa kwenye kiti na uinuke bila kushika kitu, mara kumi, pumzika, rudia. Sukuma ukuta kwa mikono mpaka uweze kusukuma sakafu. Tembea na bidoni mbili ndogo, moja kila mkono, mabega yakiwa sawa. Bidoni kubwa ulichuchumalie, ulivute karibu na mwili, ndipo unyanyuke kwa miguu. Migongo mingi ya mji huu imeharibikia bombani.

Sasa sahani, maana kitambi kinatengenezwa hapo. Bugali ya muhogo ni wanga karibu mtupu. Gramu 100 za unga mkavu zina kalori kama 350 na protini ya gramu moja au mbili. Unga wa mahindi unafika nane hivi. Maharagi makavu yanapita ishirini. Sikuambii uache bugali. Mtu wa Bukavu akiiacha siku tatu, ya nne anakula ya watu wawili. Ninachoona kibaya ni bugali kubwa na sombe (majani ya muhogo) kidogo pembeni ya kuchovya. Punguza robo. Ukipunguza nusu, saa nne za usiku utakuwa jikoni unatafuta mkate. Ile robo iliyotoka ijazwe na maharagi au lengalenga (mchicha), na mboga uanze nayo kabla ya tonge la kwanza. Sukari ya damu itapanda polepole. Kwa anayekaa mezani siku nzima, bugali ya ukubwa wa ngumi zake mbili inatosha. Fundi wa ujenzi asinisikilize hapa.

Maharagi yaloweke usiku kucha. Yanaiva upesi, tumbo halijai hewa, na makala inabaki. Hiyo ya makala ndiyo inayowashawishi watu, nimeona.

Halafu sambaza. Samaki huyu hakuwa wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndiye anayepimwa kwa kopo katika kila soko letu. Kwa kuwa tunamla mzima na mifupa yake, anatupa kalisi (kalsiamu) ambayo minofu ya samaki mkubwa haina. Tunamharibu kwa kumkaanga anaelea kwenye mafuta mpaka anakauka kama biskuti, na hapo kila mmoja amekunywa mafuta yake. Ukiwa naye mkavu, mwoshe, mgeuze kwenye sufuria ya moto bila mafuta mpaka aanze kunukia, kisha tia nyanya, kitunguu, pilipili na maji, na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria. Kijiko, nimesema. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi, yawe mawese au ya alizeti, na mkono wa kumimina kutoka kwenye chupa hauna macho. Ukila avoka siku hiyo, hesabu kwamba mafuta umeshapata.

Mawese yana kitu kizuri: ile rangi nyekundu ni asili ya vitamini A. Lakini wako wanaoyachoma mpaka yanageuka meupe na moshi unajaa nyumba. Hapo rangi imekwenda, na vitamini imekwenda nayo. Kwa sombe, twanga vizuri na uchemshe sana bila kifuniko kabla ya kutia chochote, kwani majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga na kuchemsha ndiko kunakoiondoa. Mafuta yaje mwishoni, na kidogo.

Chumvi nayo ina mwisho: chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na kube za supu zimo katika hesabu hiyo. Nyumba yenye mtu wa tansio (shinikizo la damu) iamue: kube au chumvi.

Kwenye vinywaji sina maneno mengi. Sukre (soda) ya santilita 33 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hivi. Bia kubwa ya santilita 72 ni karibu kalori 300. Atakayeniambia anapanda Kadutu kila siku na kitambi hakitoki, namuuliza jioni anakaa wapi.

Kuna ushauri wa kwenye simu unaosema ule mara tano kwa siku, kidogo kidogo. Kwa nyumba inayopika mara moja, jioni, hayo ni matusi. Kama ndivyo mnavyoishi, jaribu kuhamisha tu: sehemu ya chakula cha jana usiku, viazi vitamu au maharagi yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa tena mpaka yatokote, iliwe kabla ya adhuhuri. Au uji wa masoso, ule mchanganyiko wa mahindi, soya na mtama, usiozamishwa kwenye sukari. Mtu aliyekula kitu mchana hapigani na sufuria usiku.

Jambo moja linaniudhi kuliko yote: vidonge. Dada wanaotaka kunenepa upesi, na vijana wanaotaka mashavu ya kupigia picha, wanameza dexa (deksamethasoni) iliyonunuliwa dirishani bila karatasi ya daktari. Ni dawa ya maana hospitalini, lakini ukiila kila siku kwa ajili ya unene, inapandisha sukari na tansio, inalegeza misuli na mifupa, na unene wenyewe ni wa uso na tumbo. Ukiwa umeila kwa majuma mengi usiikate ghafla, maana mwili unaweza kuwa umeacha kutengeneza homoni yake. Nenda kwa daktari, umwambie ukweli, akupunguzie hatua kwa hatua. Unga wa protini wa kopo hauna ubaya huo, ni bei tu. Mtu wa kilo 70 anahitaji protini ya gramu 56 hivi kwa siku, na anayenyanyua vyuma zaidi ya hapo. Maharagi, sambaza, mayai na karanga vinamfikisha.

Mwisho, kwa akina baba, kwa sababu wanaoniandikia wengi ni nyie. Usimwambie mama watoto akupikie sufuria yako ya kipekee eti kocha amesema. Makala ni ghali, naye hakuomba kazi ya pili. Sufuria ni moja: mwombe akutolee chako kabla hajaongeza mafuta ya mwisho na kube, au nenda mwenyewe jikoni ukakitoe. Na kama unataka maharagi zaidi ya bugali, ongeza pesa ya soko asubuhi, kabla hajashuka soko la Nyawera.