Muulize Mama Fundi: Geji ile ile, hewa si ile

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nina Impreza WRX ya 2004, injini EJ205, turbo ya kiwandani ya TD04. Ekzosti imebadilishwa yote, na gari lilityuniwa Nairobi kwa busti (mgandamizo wa hewa inayosukumwa na turbo) ya bar 1.1. Nimehamishiwa Mombasa kikazi, na tangu gari lishuke huku linakwenda kwa hasira, raha tupu! Geji bado inasoma 1.1. Sasa kuna kijana ananiuzia valvu ya mkono inayofungwa kwenye paipu ya westigeti, ule mlango unaozuia busti isipite kiasi. Anasema nizungushe hadi 1.4, mambo yameisha. Injini itastahimili?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, karibu pwani. Hiyo hasira unayoisifu ndiyo inayonitia shaka. Busti umeshaiongeza, ila hujaambiwa.

Geji yako haipimi hewa yote inayoingia kwenye injini. Inapima ile iliyozidi hewa ya nje tu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ya nje ina mgandamizo wa kama bar 0.82. Ukijumlisha 1.1 ya turbo unapata 1.92. Mombasa hewa ya nje ni bar 1.01, kwa hiyo 1.1 ile ile inakupa 2.11. Hapo silinda zimeshapokea hewa zaidi kwa karibu asilimia 10, na hakuna aliyegusa spana. Ukipanda hadi 1.4 unafika 2.41, yaani robo nzima zaidi ya ile aliyoipima fundi wako wa Nairobi.

Kompyuta ya Subaru inapima hewa kwa sensa iliyo karibu na chujio, kisha inatafuta kwenye ramani yake: hewa kiasi hiki, mizunguko kiasi hiki, petroli iwe ngapi, plagi iwashe lini. Kule juu gari lako halikuwahi kufika kwenye visanduku vya mwisho vya ramani hiyo. Aliyelityuni pengine alivijaza kwa kukadiria, na simlaumu, kwa kuwa hewa ya kuvijaribia hakuwa nayo. Sasa wewe unaviendea kila unapokanyaga.

Hatari yenyewe ni noki. Plagi ikishawasha, mchanganyiko wa hewa na petroli uliobaki pembeni mwa silinda hujilipukia wenyewe kabla moto haujaufikia. Busti kubwa, hewa ya moto na petroli ya oktani ndogo (isiyohimili noki) vyote huuchochea. WRX ya Japani ilikusudiwa kunywa haioku, oktani inayokaribia 100, na petroli ya vituo vyetu haifiki huko. Pistoni za EJ205 ni za kusubu, hazivumilii kupigwa hivyo. Kinachovunjika mara nyingi ni ukingo mwembamba kati ya mifereji ya ringi. Utaona moshi wa buluu, oili inapungua, silinda moja haina kompresheni. Muziki ukiwa juu, hiyo noki yenyewe huisikii.

Kuhusu 1.4: TD04 ni turbo ndogo. Inaamka mapema, ndiyo sababu inafurahisha mjini, lakini mizunguko ya injini ikikaribia 6,000 kwa dakika pumzi inaiishia. Ukiilazimisha hapo unapata joto zaidi kuliko nguvu. Turbo hii ikityuniwa vizuri, busti hupanda katikati kisha huachwa ishuke hadi karibu 1.0 huko juu. Valvu ya mkono haijui kufanya hivyo. Tena kompyuta ikisikia noki na kutaka kupunguza busti, itakuta paipu imefungwa kitu kisichosikia amri yake. Mwambie huyo kijana akauze viatu.

Kwa sasa usikanyage hadi mwisho. Peleka gari lipimwe kompresheni silinda zote nne, na lipulizwe moshi kwenye mapaipu ya turbo. Paipu ikivuja, turbo inahangaika bure na hesabu ya petroli inaharibika. Weka plagi za baridi zaidi kwa daraja moja (kwa NGK ni namba 7 badala ya 6), mwanya wa milimita 0.7 hivi. Funga sensa ya kupima mchanganyiko kwenye ekzosti, ile ya kusoma kwa mapana. Ukitaka kutumia pesa, anzia hapo.

Ndipo umtafute mtyuni atakayelityuni gari upya huku chini, kwenye mashine ya roli, ile inayopima nguvu gari likiwa papo hapo. Usiniambie barabara ya Malindi usiku, sitaki kusoma habari zako. Aanze na busti ndogo kuliko hii, tuseme 0.9, apande kidogo kidogo. Busti ikijaa, mchanganyiko ukae kwenye hewa 11 kwa petroli 1 hivi, injekta zinazonyunyiza petroli zisifanye kazi kupita asilimia 85 ya muda wao, na kompyuta isiwe inarudisha nyuma muda wa plagi kwa kusikia noki. Kimoja kikigoma, anashuka, habishani. Kwa petroli yetu huenda akaishia kwenye 1.1 yako, au chini yake, na gari bado likawa na nguvu kuliko lilivyokuwa Nairobi.

Akutyunie mchana, jua likiwa kali. Intakula ya Impreza, kipozeo cha hewa ya turbo, imelala juu ya injini; ukikaa foleni ya feri ya Likoni inaiva pale pale. Ukitoka huko, endesha taratibu kwanza upepo upite bonneti.

SWALI: Mama Fundi, nikifunga valvu ya kutoa pumzi nje kwenye Forester XT yangu, ile inayopiga pshiii, nitapata nguvu zaidi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Utapata kelele. Sensa imeshaihesabu ile hewa unayoitupa, na petroli yake inamwagwa vile vile, kwa hiyo kila ukibadili gia injini inapaliwa kidogo na ekzosti inaweza kupiga mabomu. Valvu ya kiwandani inairudisha hewa ndani. Iache, hakikisha tu haivuji.